Wahandisi Wanaokataa Kuenea Kwenye Ovaroli Zangu

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Mawasiliano,
Ghorofa ya Juu Kabisa, Kwenye Kiyoyozi.

Mheshimiwa,

KUHUSU: MALALAMIKO DHIDI YA MIILI YA WAHANDISI WAKO WA KIKE

Nakuletea salamu zilizopigwa pasi pande zote mbili, nikitumaini zitakukuta mzima, kiti chako kinazunguka vizuri na mgongo haukusumbui.

Mimi ndiye fundi cherehani wa shirika lako. Huenda kwa sura hunifahamu, lakini mwilini unanifahamu, maana lile koti la buluu ulilovaa siku ya kuzindua mnara mkubwa ni kazi ya mikono hii, na ulipoinama kukata utepe likavumilia. Kila ovaroli inayopanda mnara, kila koti jeupe linaloingia maabara, kila aproni ya karakana imepita chini ya sindano yangu. Duka langu linatazamana na geti lenu la nyuma, pale penye kibao cha rangi tatu kisemacho FUNDI WA KIMATAIFA. Hilo neno kimataifa si majivuno. Ujanani nilikuwa mfua nguo kwenye meli ya mizigo, nikatia mguu katika bandari ambazo wengine wanaziona kwenye ramani tu, na nahodha nilimshonea suruali huku meli inatutupa kutoka ukuta huu kwenda ule, na bado pindo likatoka limenyooka kuliko barabara ya ofisini kwenu. Shuleni niliishia njiani, sikatai. Dunia nimeisoma kwa futi ya kupimia, na nimefaulu.

Sasa nisikuchoshe. Nakuandikia kwa adabu zote kulalamika kwamba tangu shirika lilipoamua kuongeza idadi ya wanawake katika sayansi na teknolojia, jina langu linachafuka. Watu wanasema nguo zangu hazifai. Mheshimiwa, nguo zangu ni zilezile! Kilichobadilika ni walio ndani yake.

Ili unielewe, lazima nikueleze kuhusu Bwana Kipimo, kwa sababu wewe umeajiriwa juzi na yeye ni wa zamani. Shirika lilipoanzishwa, wakubwa wa wakati huo walimchagua msimamizi mmoja wa mafundi mwenye umbo la kuridhisha, wakamleta kwangu, nikampima kila mahali panapopimika kiungwana. Vipimo vile nikavikata kwenye karatasi ngumu, shirika likagonga muhuri, na karatasi hiyo ikatundikwa ukutani dukani kwangu. Kuanzia hapo ovaroli zote hukatwa kwa karatasi ile. Akija mtu mdogo, napunguza kidogo kuzunguka. Akija mkubwa, naongeza kidogo kuzunguka. Ila umbo ni lake: mabega kama mlango wa ghala, kiuno hakuna, kitambi cha mtu anayekula akiwa na amani, na miguu mirefu isiyo na mwisho. Tunamwita Bwana Kipimo. Amestaafu zamani, siku hizi anafuga kuku, lakini umbo lake bado linapanda mnara kila siku. Na sheria yenu, iliyo na muhuri uleule, inasema umbo la karatasi lisiguswe, na vazi rasmi likishashonwa lisikatwe, lisipunguzwe wala kubadilishwa na yeyote. Sheria nzuri sana. Mimi nimeiheshimu kuliko ndoa za watu wengi ninaowajua.

Baada ya utangulizi huo, yafuatayo ndiyo malalamiko yangu.

1. Walikuja bila taarifa.

Siku moja nilifungua duka nikakuta kwenye ukuta wa geti lenu pamebandikwa bango kubwa. Mwanamke mwenye kofia ngumu anatabasamu, mikono kiunoni, nyuma yake mnara, na maandishi: NAFASI YAKO IKO HAPA. Bango zuri, sina ugomvi nalo. Lakini siku linapigwa picha nilikuwepo, na ninajua nyuma ya yule dada kulikuwa na nini. Kulikuwa na vibanio vya kuanikia nguo, safu nzima kuanzia ukosi mpaka makalioni, kwa sababu ovaroli ilikuwa ya Bwana Kipimo na humo ndani dada angeweza kuingia na rafiki yake wakapiga soga. Vibanio vilitoka dukani kwangu. Mpiga picha akasema, "Dada, fanya yote, ila usigeuke. Ukigeuka tumekwisha." Na kweli hakugeuka, Mungu ambariki.

Basi nikadhani mambo yatakuwa hivyo. Wanawake wataingia katika teknolojia, watasimama wakitazama mbele, na sisi huku nyuma tutabana. Kumbe mliwaajiri ili wafanye kazi! Wakainama. Wakageuka. Wakapanda ngazi na kutambaa chini ya mitambo. Mheshimiwa, si mngeniambia?

2. Mifuko.

Mfuko wa kalamu niliuweka juu ya kifua, upande wa kushoto, kwa sababu za kitaalamu kabisa. Kwa Bwana Kipimo pale ni uwanja wa mpira. Sasa akaja mhandisi mmoja, ambaye wenzake wanamwita Masafa kwa vile kazi yake ni kupanga masafa ya mawimbi, yapite wapi yasigombane hewani. Binti mwenye shahada, mwenye akili za kutisha, na heshima anayo. Alisimama katikati ya duka langu, wateja wamejaa, akasema: "Mjomba, hebu niambie ukweli. Mfuko huu uliushona wa kuwekea bisibisi au wa kunitafutia aibu? Maana kila nikiitoa, kikao kizima kinatazama dari."

Nikamjibu kama mtu mzima: "Mwanangu, si kuna mfuko wa nyuma?"

Akageuka. Mfuko wa nyuma ulikuwa umeshuka mpaka nyuma ya magoti. "Huu hapa?" akasema. "Huu mpaka nichuchumae, Mjomba. Na nikichuchumaa, msamba unafagia sakafu. Ndiyo maana karakana yetu ni safi."

Wateja walicheka mpaka mmoja akaketi juu ya pasi. Pasi ilikuwa imezimwa, lakini mimi je? Heshima ya miaka yote ilikwenda na kicheko kile.

3. Jambo ambalo naliandika kwa aibu, nikiomba katibu wako muhtasi aliruke.

Ovaroli, kama ujuavyo, ni kipande kimoja kuanzia shingo hadi kifundo, chenye zipu mbele. Zipu hiyo niliibuni mwenyewe na ninajivunia. Bwana Kipimo aliisifu. Alisema fundi akiwa na haraka zake anafungua kidogo, anamaliza, anarudi kazini, hata sigara haijazimika. Miaka yote hiyo sikupata lalamiko hata moja kuhusu zipu.

Masafa akanieleza, mbele ya mteja aliyekuja kuchukua suruali ya harusi, kwamba mwanamke akitaka kwenda msalani inabidi avue mabega, avue mikono, ateremshe vazi zima mpaka magotini, alishike lisilowane, maana msala wa kituoni sakafu yake haijawahi kukauka, na nje kuna foleni ya mafundi wanaogonga wakiuliza kama amezimia. "Kwa hiyo huwa tunafanyaje?" akaniuliza. Nikasema sijui. "Hatunywi maji," akasema. "Tangu asubuhi mpaka jioni, juani. Sisi wote. Mmoja wetu ameshalazwa."

Nilikwenda nyumbani nikamsimulia mke wangu kama kichekesho. Nina kipaji cha kusimulia, watu hulipuka. Nikaiga na namna ya kushika mikono ya ovaroli kwa meno. Mke wangu ni muuguzi, na si mtu wa kununa. Siku hiyo hakucheka. Aliweka kijiko chini akasema, "Baba watoto, binti wa watu anachomwa na jua bila tone la maji tumboni, na wewe umekuja kunichekesha?"

Nikamwambia, "Mimi nashona nguo, mke wangu, safari za msalani ni kati ya mtu na Mola wake."

Akasema, "Umelala na mwanamke nyumba moja tangu una nywele. Hukuwahi kujiuliza anavuaje?"

Nikainamia sahani. Chakula kiliisha bila mtu kuniambia karibu nyongeza. Sasa niambie, Mheshimiwa, huo ni usawa wa namna gani, ambao mtu anaadhibiwa mezani kwake kwa zipu aliyoibuni kwa nia njema?

4. Ugonjwa wa kupima unaambukiza.

Hili ndilo linalonitisha zaidi. Mmoja alipofungua mdomo, wengine wote wakagundua kwamba nao wana midomo. Mtaalamu wa maabara, mama mpole ambaye tangu nimjue hajawahi kupandisha sauti, alikwenda stoo kusema glavu ni kubwa, vidole vinabaki vitupu mbele na vinanaswa na vifuniko vya chupa za tindikali. Mtunza stoo akamwuliza, "Kwani wenzako wanalalamika?" Mama akasema, "Wenzangu wana mikono kama makasia." Halafu akataka na rafu ya tindikali ishushwe, kwa sababu mpaka sasa anaifikia kwa kupanda kwenye kiti, na kiti chenyewe kina magurudumu. Mwingine kofia ngumu haimkai juu ya nywele alizosuka, inakaa pembeni kama sufuria iliyokataa mfuniko. Mwingine buti. Amevaa soksi mpaka soksi zimekuwa buti na buti imekuwa nyumba.

Kila mmoja alikuwa amejitengenezea dawa yake kimyakimya. Pini, mipira ya kufungia karatasi, kamba za viatu, gazeti lililokunjwa. Nilikuwa nikiwapita pale getini nikidhani ni mitindo!

Na balaa limevuka mipaka, Mheshimiwa. Juzi alikuja fundi wa kiume, mwembamba, yule mfupi wa kitengo cha nyaya. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akanivuta kwenye kona ya vitambaa akaninong'oneza: "Mzee, usimwambie mtu. Mikono inanimeza." Anaikunja tangu siku ya kwanza ya kazi. Miaka yote hiyo, anasema, alijua kasoro ni yake, akawa anakula sana akisubiri kuenea. Nikamwambia aende zake, asiniletee siasa. Lakini unaona tunakoelekea? Leo wanapima glavu na rafu, kesho watapima mishahara, keshokutwa watapima kiti chako na nani alikusudiwa kukikalia. Mtu aliyeshika futi hajui kuacha. Mimi ninayeishika kila siku ndiye ninayekwambia.

5. Mnara mkubwa.

Hapa ndipo penye kiini, na nakuomba uondoe miguu mezani usome vizuri.

Kituo cha mnara mkubwa kinahitaji mkuu mpya, na shirika limesema mkuu wa kituo lazima awe mtu aliyepanda mnara ule mpaka kileleni mbele ya mashahidi. Jaribio ni Alhamisi. Masafa anaitaka nafasi hiyo, na kila mtu kuanzia mlinzi anajua ni ya kwake, kwa sababu mpangilio mzima wa antena za kule juu ni yeye aliyeuchora. Mpaka leo hajawahi kuzigusa. Anasimama chini na redio ya kuongelea, shingo imepinda, anamwelekeza mwenzake aliye juu: "Zungusha kushoto. Kushoto kwako. Bado. Bado. Umepita. Rudi. Wewe, rudi, hilo ni bomba!" Nusu ya siku inakwenda kwa kazi ambayo angeimaliza mwenyewe na kushuka kabla chai haijapoa.

Kwa nini asipande? Kwa sababu ya Afisa Usalama, mtu mwaminifu ambaye neno analolipenda kuliko yote ni hapana. Alimvalisha mikanda ya kupandia juu ya ovaroli ya Bwana Kipimo, akaivuta, ikakaza kitambaa. Mhandisi aliyekuwa ndani ya kitambaa haikumgusa. Akavuta tena, kitambaa kikajikunja kama godoro lililofungwa kamba. Akasema, "Hapana. Ukiteleza, mikanda itabaki na nguo, wewe utaendelea na safari." Masafa akasema basi nguo ipunguzwe. Akasema, "Hapana. Vazi rasmi halipunguzwi, lina muhuri." Masafa akasema basi nipande na suruali yangu. "Hapana. Bila vazi rasmi hupandi."

Kwa hiyo apande na nguo inayomkaa, ambayo lazima iwe ileile isiyomkaa. Sheria ya kwanza ni nzuri na ya pili ni nzuri, ila zikikutana mlangoni hakuna inayopita.

Na asipopanda Alhamisi, nafasi inakwenda kwa kijana mwingine, mtu mwema, mabega anayo, ila ndiye yule anayezungusha bomba. Kwenye taarifa itaandikwa "hakupanda". Haitaandikwa kwa nini. Mwaka kesho mtakaa kwenye ukumbi wenye maua mezani, mtaalamu atatoa mhadhara kwamba wanawake hawana hamasa ya kufanya kazi mahali pa juu, na nyote mtaandika neno hamasa kwenye daftari zenu. Masafa alikuja dukani juzi, safari hii hakutania. Alikaa kwenye benchi la wateja, ovaroli imekunjwa mapajani, akasema, "Mjomba, nikikosa hii si kwamba nitakosa cheo tu. Hakuna mwingine atakayepelekwa hata kwenye jaribio. Watasema tulishajaribu mmoja." Nikamwambia, "Mwanangu, karatasi ina muhuri." Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Hakunitukana hata kidogo. Nilitamani anitukane.

Kwa kuwa mimi si mtu wa kulalamika bila kuleta ufumbuzi, naomba kutoa mapendekezo.

La kwanza. Kwa kuwa ovaroli haiwezi kubadilika, abadilike mwombaji. Tangazo lijalo la kazi lisomeke hivi: "Mwombaji awe mwanamke, mwenye shahada ya uhandisi, mabega ya kushikilia mlango na kitambi cha wastani. Wenye kiuno wasijisumbue." Kwa njia hii idadi ya wanawake itaongezeka na hakuna karatasi itakayoguswa. Wakati wa usaili mnaweza kunialika, nitakaa pembeni na futi.

La pili. Wale ambao tayari mmewaajiri wakiwa na kasoro wasifukuzwe, huo utakuwa ukatili. Wapelekwe mafunzoni. Shirika lianzishe Programu ya Kumwendeleza Mwanamke Mpaka Aenee, yenye kubeba magunia asubuhi kwa ajili ya mabega, na kulala mchana kwa ajili ya tumbo. Urefu wa miguu sijaupatia mtaala, lakini nyie mna wataalamu. Atakayefaulu apewe cheti, na ovaroli. Bwana Kipimo anaweza kutoka kwenye kuku wake akawa mgeni rasmi, asimame mbele yao waone lengo.

La tatu nililibuni nikiwa nashika pasi, na ndilo la haki kuliko yote. Tugeuze. Tumpime Mhandisi Masafa, tukate karatasi yake, tugonge muhuri, na wanaume wote wavae umbo hilo kwa msimu mmoja. Akija mkubwa tutaongeza kidogo kuzunguka. Mfuko ukae utakapokaa. Zipu ipite itakapopita. Na asiyeweza kupanda tumwandikie tu, "hakupanda", tuone hamasa ya nani iko wapi.

Hili nilimdokeza Afisa Usalama, akaruka kama amemwagiwa maji. "Fundi, una wazimu? Mtu atakwama huko juu! Mkono hautanyooka! Mtu ataanguka, na watu wana watoto!" Basi nimeliondoa mara moja, usalama kwanza. Mwanamume kuvaa nguo isiyo yake ni hatari ya kazi. Mwanamke kuvaa nguo isiyo yake ni suala la hamasa. Nimeelewa, na nashukuru kwa elimu.

Yanabaki mawili ya mwanzo, Mheshimiwa, nami nangoja uamuzi wako kabla ya Alhamisi. Ukikaa kimya nitajua kwamba karatasi iliyo ukutani kwangu ina thamani kuliko binti aliyekaa kwenye benchi langu, na nitaendelea kuipangusa vumbi kwa heshima ileile.

Nisalimie katibu wako muhtasi, najua amesoma namba tatu. Nisalimie dereva wako, mwambie suruali yake iko tayari, aache kutuma watoto. Wahasibu wote, walinzi wa zamu mbili, mama wa usafi anayenipigia kelele kwa vipande vya uzi, mtunza stoo na glavu zake za makasia, na mzazi wako wa kike huko aliko, ambaye naamini naye alikulea akiwa amevaa kitu. Usimsahau Afisa Usalama. Mwambie simchukii, ila ajifunze neno la pili.

Nabaki kuwa wako, mwenye pini mdomoni na futi shingoni,

FUNDI WA KIMATAIFA
Mkabala na Geti la Nyuma

Baada ya kusaini:

Mheshimiwa, barua hii ilikuwa ikufikie Jumatano. Imechelewa kwa sababu Jumatano sikuwa na mkono wa kuileta, yote miwili ilikuwa kwenye mkasi. Mke wangu alimpima Masafa nyuma ya pazia, akawa ananitamkia namba na mimi naandika, na kila nikisema "hiyo haiwezekani, rudia", anasema "inawezekana, andika". Nikakata karatasi mpya. Nikashona ovaroli ya vipande viwili vinavyoungana kiunoni, nyuma inafunguka bila bega kuvuliwa, na mikono inaishia pale mkono unapoishia. Muhuri haina. Nimevunja sheria yako, na nilikuwa napiga mluzi nikiivunja.

Leo ni Alhamisi. Afisa Usalama alivuta mikanda, akavuta tena, akamzunguka, akalitafuta neno lake, nikaona linamponyoka. Akasema, "Imekaa." Kisha akauliza muhuri uko wapi. Mimi nikajifanya natafuta pini. Akautazama mnara, akamtazama yule binti, akasema, "Lakini mimi niliajiriwa usalama, sikuajiriwa mihuri. Panda."

Akapanda. Mimi niliyevuka bahari sikuweza kutazama. Nilitazama viatu vya mlinzi nikihesabu mishono yangu mmoja mmoja kwa kumbukumbu, nikiiomba msamaha yote niliyowahi kuishona harakaharaka. Watu walipopiga kelele ndipo nikainua uso, na alikuwa kitu kidogo sana cha rangi ya chungwa, juu kabisa, anapunga mkono. Kijana mwenye mabega ndiye aliyepiga makofi ya kwanza.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu yafute, isipokuwa salamu. Karatasi ya Bwana Kipimo nimemrudishia mwenyewe akaezekee banda la kuku. Wahandisi wako, wataalamu wako wa maabara, na yule mfupi wa nyaya, walete Jumatatu. Tutawapima kila mtu na mwili wake, na muhuri utatufuata. Na kwenye taarifa andika kwa herufi kubwa: AMEPANDA.

Ila nina lalamiko moja jipya. Alipofika kileleni, redio ikakoroma, sote tukasogea kusikia maneno ya mwanamke wa kwanza kufika pale. Akasema, "Antena ya kaskazini imelala, nainyoosha sasa hivi. Na mwambieni Mjomba kwapa la kushoto linabana." Mbele ya watu wote, Mheshimiwa! Mbele ya mashahidi!

Nimeshalifumua.